Duka Lililochelewa: Goba na Safari Ndefu ya Kununua Muziki

Tarehe 21 Aprili 2020 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza nchi 52 ambazo huduma yake ya muziki ilikuwa inafunguliwa kwa mara ya kwanza. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Algeria, Angola, Malawi, Msumbiji, Namibia, Senegali na Shelisheli. Kenya na Uganda hazikutajwa, kwa kuwa zenyewe zilishaingia kwenye orodha ya mwanzo kabisa, Juni 2015. Kwa karibu miaka mitano, mtu aliyekaa Namanga upande wa Kenya aliweza kulipia na kusikiliza kihalali wimbo wa kijana wa Tandale, Dar es Salaam, huku ndugu yake wa upande wa Tanzania, hatua chache tu kutoka hapo, akijibiwa na simu yake kwamba huduma haipatikani nchini kwake.

Goba nayo ilikuwa upande huo wa kusubiri. Kata hii ya pembezoni mwa Dar es Salaam ilihesabiwa ndani ya Kinondoni hadi Ubungo ilipomegwa na kuwa wilaya yake katikati ya miaka ya 2010. Wenyeji wa zamani wanaikumbuka ikiwa mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 42,000, na tangu hapo nyumba zimepanda kila kilima, kuanzia Kinzudi hadi Matosa, na lami imeiunganisha na Mbezi Mwisho, Tangi Bovu, Makongo na Madale. Wengi wa wakazi wa leo ni watu waliojenga baada ya kuchoka kupanga katikati ya jiji. Walihama na makochi yao, redio zao, na nyimbo zao.

Ukiisoma habari ya 2020 juujuu utadhani kwamba siku hiyo ndipo Watanzania walipopata duka la muziki. Sivyo. Muziki umeuzwa na kununuliwa katika pwani hii kwa takriban miaka mia moja, na mnunuzi hakuwahi kukosa nia ya kutoa hela yake. Vilivyokosekana ni vitu viwili: duka lenye bei inayolingana na mfuko wake, na njia ya kuifikisha hela hiyo kwa aliyeimba. Ni nadra vitu hivyo viwili kupatikana mahali pamoja.

Meli ya kwenda Bombay

Mwaka 1928 Siti binti Saad na kundi lake la taarabu walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay. Kampuni ya santuri ya HMV ilikuwa na studio huko, na ilitaka nyimbo za Kiswahili. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara: gramafoni haiuziki kwa mtu ambaye haelewi kinachoimbwa ndani yake. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu akiuza, akawa miongoni mwa sauti za kwanza za Afrika Mashariki kuingia kwenye sahani ya santuri.

Mauzo yalizishangaza kampuni zenyewe. Sahani zake na za wenzake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, na kampuni shindani, Odeon na Columbia, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa pwani. Sahani zilisambaa Unguja, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na hadi bara. Asiyekuwa na uwezo wa kununua gramafoni alikwenda mkahawani, akaagiza kahawa, akasikiliza. Mwenye mkahawa alinunua sahani mpya kwa sababu sahani mpya ilimletea wateja. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti, alikuwa anaandika habari za mtu ambaye sauti yake ilishafika katika miji ambayo mwenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Hapo ndipo mtindo mmoja ulipoanza, nao ukadumu. Sauti ilitoka hapa, ikavuka bahari kwenda kutengenezwa kuwa bidhaa, kisha ikarudi kuuzwa hapa hapa. Hesabu ya nakala ilibaki kule kwenye kiwanda.

Nairobi, mji wa sahani

Baadaye kitovu kilihama kutoka Bombay kikaja karibu zaidi, Nairobi. Huko kulikuwa na kiwanda cha kubonyeza sahani, studio, na kampuni zenye mtandao wa wauzaji. Mombasa nako kulikuwa na lebo ya Mzuri, iliyotoa nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba Band ya Morogoro. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani. Bendi iliyotaka wimbo wake uuzwe dukani ilifunga safari.

Sahani iliyotamba wakati huo ilikuwa ile ndogo, yenye wimbo mmoja tu. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza sahani wakati gitaa la solo likiwa ndiyo kwanza linapamba moto. Wapenzi wa dansi wa kizazi kile hawakulalamika sana. Kipande cha pili ndicho kilichokuwa cha kucheza, na baa yenye gramafoni nzuri ilijulikana kwa jinsi ilivyogeuza sahani haraka.

Mbaraka Mwinshehe, kijana wa Morogoro Jazz ambaye baadaye aliongoza Super Volcano, alikuwa mmoja wa waliopata soko kubwa kwa njia hiyo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliondoka Tanga, wakapita Arusha, wakaishia Nairobi ambako Simba Wanyika ilikua, na kutoka humo ikazaliwa Les Wanyika. Watanzania hao waliimba Kiswahili cha nyumbani wakiwa ugenini, kwa sababu ugenini ndiko kulikokuwa na duka.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Biashara ya sahani kati ya nchi hizo mbili ilipata pigo kubwa, na upande wa Tanzania hapakuwa na kiwanda cha kuziba pengo.

Redio ikawa ghala

Kilichobaki kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zote kubwa zilipita kwenye studio yake ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere: NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 na baadaye kuitwa JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, Mlimani Park iliyoanzishwa 1978 na kujulikana kama Sikinde, Vijana Jazz, Maquis, Marijani Rajab na Dar International, na nyingine nyingi. Nyimbo zilirekodiwa kwenye mikanda mikubwa, zikarushwa hewani, kisha mikanda ikarudishwa kabatini.

Bendi ilipata umaarufu, na umaarufu ulijaza kumbi za dansi Ijumaa na Jumamosi. Hela ya bendi ilitoka mlangoni, kwa tiketi. Wimbo wenyewe haukuwa na bei, kwa kuwa msikilizaji hakuwa na mahali pa kuununua.

Basi msikilizaji akatengeneza duka lake. Redio kaseti zilipoanza kuwa nyingi, hasa baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, mtu aliketi karibu na redio, kidole juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji anyamaze. Kisha zikaja ofisi za kurekodi kanda. Mteja aliingia na kanda tupu ya TDK au Maxell na karatasi yenye orodha ya nyimbo. Kanda ya dakika 60 ilibeba dakika 30 kila upande, na wimbo wa dansi ulichukua dakika sita hadi nane, kwa hiyo kila upande ulipokea nyimbo nne, kwa bahati tano. Orodha ilipangwa kwa akili. Wimbo uliopendwa zaidi haukuwekwa mwisho, usije ukakatwa.

Wakati huohuo, wasikilizaji wa mbali walikuwa wakihudumiwa vizuri kuliko wa Dar es Salaam. Lebo ya Africassette ya Detroit ilitoa nyimbo za Mlimani Park katika miaka ya 1990, na baadaye lebo ya Buda Musique ya Paris ikatoa mfululizo wa Zanzibara, wenye diski ya dansi la Tanzania la miaka ya 1960 na nyingine ya mwaka 1978 hadi 1983. Mpenzi wa Sikinde aliyeishi Paris aliweza kuingia dukani na kutoka na diski yenye picha, maelezo na majina ya wapigaji. Mpenzi wa Sikinde wa Goba alikuwa na kanda iliyorekodiwa mara ya tatu, yenye muungurumo.

Kariakoo inashika usukani

Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, na redio nyingine binafsi zikafuata. Vijana wa kurap kwa Kiswahili, waliokuwa wakijitafutia nafasi tangu mwanzoni mwa muongo huo, wakapata pa kusikika. Studio ya Master J na ile ya P-Funk, Bongo Records, zikawa viwanda vya sauti mpya. Temeke ikamtoa Juma Nature na kundi la TMK Wanaume, naye Mr. II, ambaye baadaye wananchi wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge mwaka 2010, akawa mfano wa msanii anayeishi kwa kalamu yake.

Kanda za muziki huo ziliuzwa Kariakoo. Utaratibu ulikuwa huu: msanii alimaliza albamu, akabeba rekodi mama hadi kwa msambazaji, wakajadiliana. Msambazaji alilipa kiasi kwa mkupuo au kwa kila nakala, akachapisha karatasi za makasha, akarudufu kanda na kuzituma mikoani kwa mabasi. Alikuwa na mtaji, magari na wateja wa jumla kutoka Mwanza hadi Mtwara. Bila yeye albamu isingefika popote, na wasanii walijua hivyo. Lakini idadi halisi ya kanda zilizotoka mashineni aliijua yeye peke yake. Msanii aliyeambiwa kwamba kanda zake zimeuzwa kidogo alitoka nje na kuisikia sauti yake ikitoka kwenye kila daladala, na hakuwa na karatasi ya kumwezesha kuuliza zaidi.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999 baada ya wanamuziki kupiga kelele kwa miaka, na COSOTA, chombo cha kuisimamia, kikaanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kanda, CD na DVD za muziki na filamu, ili kila nakala halali iweze kutambulika na kuhesabika.

Stempu ilikuwa wazo zuri lililokuta bidhaa inakufa. Kufikia 2013 watu wengi walishaacha kununua kitu chenye kasha.

Kibandani Goba

Kabla ya simu za kupangusa kuenea, palikuwa na simu ndogo za Kichina zenye laini mbili na spika ya kelele. Simu hizo zilikuwa na tundu la memori kadi, na tundu hilo lilibadilisha biashara ya muziki Dar es Salaam kuliko sheria yoyote.

Kibanda cha kuingiza nyimbo kilijulikana kwa mbali. Spika imewekwa nje juu ya stuli, ndani kuna kompyuta ya mezani yenye vumbi kwenye feni, kisoma kadi chenye matundu kadhaa, kikapu cha waya za kila aina ya simu, na bango lililoandikwa kwa mkono: tunaburn CD, tunaingiza nyimbo, tunachaji simu. Mteja alifungua mgongo wa simu, akachomoa betri, akatoa kadi ndogo kama ukucha. Kijana wa kibanda aliichomeka na kufungua mafaili yake. Yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko maktaba nyingi: Bongo Fleva, Singeli, Taarabu, Zilipendwa, Rhumba, Kwaya, Kaswida.

“Mama, nikuwekee kwaya tupu au nichanganye na zilipendwa?”

“Changanya, mwanangu, ila singeli usiniwekee.”

Dakika chache baadaye kadi ilirudi simuni, wimbo mmoja ukachezwa kwa majaribio, hela ndogo ikabadilisha mikono. Kama faili halikufunguka, mteja alirudi kesho na kurekebishiwa bila maneno. Dereva wa daladala ya Goba kwenda Makumbusho alileta flashi yake kila wiki, kwa sababu abiria wa asubuhi hawataki nyimbo za mwezi uliopita. Mwenye duka la nguo alitaka nyimbo za kuita wateja. Bibi harusi mtarajiwa alileta orodha.

Huduma hiyo ilikuwa na kila sifa ya duka zuri. Ilikuwa karibu na nyumbani. Iliuza kidogo kidogo, kwa sarafu, bila kadi ya benki na bila kula bando. Muuzaji aliwajua wateja wake na kuwapendekezea vitu vipya. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzito: katika hela yote iliyopita kwenye meza ile, hata senti moja haikumfikia mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa wala studio. Na kijana wa kibanda hakuwa na pa kuipeleka hata kama angetaka. Hakukuwa na ofisi, leseni wala mkataba uliotengenezwa kwa ajili ya biashara ya ukubwa wake.

Kule kwingine, senti 99

Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua duka la iTunes kwa wateja wa Marekani, likiwa na nyimbo zipatazo 200,000, kila wimbo senti 99 za dola. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Juni 2004 duka likafika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Desemba 2012 likapanuliwa kwa mkupuo kwenda nchi 56, zikiwemo Afrika Kusini, India, Urusi na Uturuki.

Sababu za kuchelewa kwa nchi kama Tanzania zilikuwa za kawaida lakini ngumu kuondoa. Haki za muziki huuzwa kwa maeneo, nchi baada ya nchi, na kampuni hutaka chombo cha hakimiliki cha kuzungumza nacho katika kila moja. Kodi lazima ieleweke. Na zaidi ya yote, duka lilijengwa juu ya kadi ya benki, kitu ambacho Watanzania wachache walikuwa nacho.

Waliokuwa na iPhone au iPod walitafuta njia za panya. Mtu alifungua akaunti kwa anwani ya Marekani, kisha ndugu aliyeko London au Houston akanunua kadi ya zawadi na kumtumia namba zake kwa ujumbe wa simu. Ndivyo nyimbo za wasanii wa Kinondoni zilivyonunuliwa na watu wa Kinondoni kupitia duka la ng'ambo, kwa dola, kwa kutumia anwani ya mtaa ambao mnunuzi hakuwahi kuuona. Wengine wote walikwenda kwenye tovuti za kupakua bure, ambazo zilifunguliwa kwa wingi baada ya mkongo wa SEACOM kutua Dar es Salaam Julai 2009 na intaneti kuanza kushuka bei.

Simu inakuwa duka

Wakati maduka makubwa yakichelewa, kitu kilichokosekana, yaani njia ya kulipa, kilikuwa kinazaliwa nyumbani. Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Mama muuza vitumbua wa Goba ambaye hakuwahi kuwa na akaunti ya benki sasa aliweza kutuma na kupokea hela akiwa kwenye kibanda chake.

Biashara ya kwanza ya muziki kufaidika na simu ilikuwa ya miito: kipande cha wimbo anachosikia mtu anayekupigia kabla hujapokea. Malipo yake yalikatwa kwenye salio, kidogo kidogo, na watu walikubali. Kwaya za makanisa na waimbaji wa Bongo Fleva walijikuta wakipokea fedha kutokana na sekunde chache za sauti. Hata hivyo sehemu kubwa ya makato ilibaki kwa mtandao wa simu na kampuni za kati, na wasanii walirudi kwenye lalamiko la enzi za kanda: hesabu iko kwa mwingine.

Kisha zikaja tovuti za nyumbani. Mkito, iliyoanzishwa na Watanzania katikati ya miaka ya 2010, ilijaribu kuuza na kutoa nyimbo kwa namna ambayo msanii angeona idadi ya waliopakua kazi yake. Mwaka 2015 Tigo ilishirikiana na Deezer ya Ufaransa kuwapa wateja wake muziki ndani ya vifurushi vya simu. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alizindua Wasafi.com, duka la msanii mwenyewe lenye kazi zake na za wenzake. Kutoka Nairobi ilikuja Mdundo, iliyokubali ukweli kwamba wateja wake wengi wana simu za bei nafuu na bando dogo, ikawaachia wapakue bure huku matangazo yakilipa. Septemba 2020 hisa zake zilianza kuuzwa kwenye soko la Copenhagen. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, iliingia kwa mlango mwingine: ilikuwa imeshawekwa ndani ya simu za Tecno siku mtu anapoitoa kwenye boksi.

Kila moja ilijifunza kitu kutoka kwenye kibanda cha memori kadi. Iuze kwa bei ndogo, au itoe bure na kumlipisha mtangazaji. Isile bando. Imwache mtu abaki na faili lake, kwa sababu kesho anaweza asiwe na salio.

YouTube nayo, bila kujiita duka, ilikuwa imeshakuwa mahali pa kwanza pa kuzindulia wimbo. Juni 2020 Diamond alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye mtandao huo, na Tanzania nzima ikaanza kuhesabu watazamaji kama ilivyokuwa ikihesabu mabao.

Hivyo Apple Music ilipofunguliwa Aprili 2020, na Spotify ya Sweden ilipotangaza tarehe 22 Februari 2021 kwamba inaingia katika nchi zaidi ya 80, Tanzania, Kenya, Uganda, Nigeria na Ghana zikiwamo, wageni hao walikuta sokoni pamejaa. Walikuta wasikilizaji waliozoea kuchagua, wasanii waliozoea kuuliza kuhusu takwimu, na vibanda vilivyokuwa vimeanza kuzima kompyuta zao kwa sababu wateja wanarushiana nyimbo wenyewe kwa simu.

Singeli ilitangulia

Kuna muziki mmoja ambao haukusubiri orodha ya nchi. Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro, sherehe za usiku za uswahilini, Manzese, Mburahati, Temeke na kwingineko, kwa kukimbiza midundo ya taarabu na mchiriku hadi miguu ya wachezaji ikose pumziko. Kwa miaka ilisambaa kwa memori kadi na flashi, kutoka kwa mtayarishaji kwenda kwa DJ wa sherehe, kutoka kwa DJ kwenda kibandani.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ukauzwa kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp kwa dola na euro. Baadaye zikafuata albamu za Bamba Pana na Jay Mitta. Wasikilizaji wa Berlin na London walilipa kwa kadi zao kununua muziki ambao Mburahati ulikuwa ukigawanywa kwa waya wa USB. Watayarishaji hao vijana wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Ni kisa cha kufurahisha, na wahusika walistahili kila safari waliyopata. Pia ni kisa cha zamani kilichorudi na nguo mpya: sauti ya Dar es Salaam imekuwa bidhaa nje ya Dar es Salaam kwanza, na mji uliofanya kazi ya kuitengeneza ukawa wa mwisho kupata mahali pa kuinunua kwa haki.

Kazi iliyobaki

Leo kijana wa Goba anaweza kuchagua kati ya huduma zaidi ya tano kabla hajashuka kwenye daladala. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha kwa wasanii kwa ukubwa ambao haukuwa umezoeleka, na mwaka 2023 ikaanza tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili kazi za sanaa, yaani vitu kama vile vilivyokuwa juu ya meza ya kibanda. Kwa mara ya kwanza, kadi tupu na flashi tupu zinachangia mfuko wa walioimba.

Lakini chagua kwenye huduma hizo wimbo wowote wa dansi wa mwaka 1975 au 1982, kisha uangalie umeandikwa nani. Mara nyingi utaona jina la bendi limekosewa, mtunzi hayupo, mwaka si wenyewe, na aliyeupandisha ni mtu asiyejulikana. Wimbo unasikilizwa, matangazo yanapita, hela inaingia kwenye akaunti fulani. Duka jipya linalipa kwa kufuata kilichoandikwa kwenye faili, na kama jina la mpigaji halimo, mashine haina namna ya kumkumbuka.

Taarifa sahihi zipo. Zimeandikwa kwenye makasha ya mikanda iliyorekodiwa Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na zimo vichwani mwa wanamuziki wazee wa Msondo, Sikinde na bendi za mikoani. Kuzioanisha kunahitaji karani, mashine ya kusoma mikanda, mwanasheria wa hakimiliki na makubaliano ya wazi kati ya shirika la utangazaji, COSOTA na familia za waliokwisha kufariki kuhusu nani anamiliki rekodi na nani anamiliki utunzi. Hakuna kampuni ya Marekani wala ya Sweden itakayoifanya kazi hiyo kwa niaba ya Tanzania, na baadhi ya watu wanaoweza kuthibitisha nani alipiga gitaa gani katika wimbo gani wangali hai, wanapanda jukwaani mwisho wa wiki, na wanaweza kuulizwa.